Daktari Yupi Ungemkataa?

Jumamosi moja ya muhula huu mvua ilituzuia kwenda uwanjani, tukakaa bwenini bila kazi. Kijana mmoja apendaye sana kusoma akatutupia swali hili: "Katika madaktari wote wa hadithi za sayansi ya kubuni, ni yupi ambaye hata ungekuwa mahututi kitandani, naye akaingia na mkoba wake, ungemwambia: Rudi ulikotoka, sitaki dawa yako?" Kwanza tulicheka. Kisha tukabishana mpaka kengele ya kulala ikalia, wala hatukupatana. Basi kwa kuwa Mhariri ameomba makala, naona yafaa niwaeleze wasomaji madaktari hao ni akina nani, na mimi nilimkataa yupi, na kwa sababu gani.

Hadithi za sayansi ya kubuni ni zile ambazo mwandishi huchukua jambo la elimu, akalisukuma mbele kupita pale lilipofikia kwa kweli, kisha akauliza: Je, ingekuwaje? Kwa hiyo madaktari wamejaa humo, maana hakuna mahali ambapo elimu mpya humgusa mtu karibu zaidi kuliko mwilini mwake.

Wengi bwenini walimtaja Daktari Moreau. Huyu alibuniwa na Mwingereza H. G. Wells katika kitabu cha mwaka 1896. Anakaa kisiwani, akiwapasua wanyama bila ya nusukaputi ili awageuze wawe kama watu, na wanyama wenyewe hukiita chumba chake Nyumba ya Maumivu. Hapana shaka ni mtu wa kutisha. Lakini nilisema, na hata sasa nasema, kwamba jibu hili ni rahisi mno. Kumkataa Moreau hakuhitaji akili, bali miguu tu ya kukimbilia. Tena yeye hajifanyi kuwa anamtibu mtu. Swali letu lilikuwa juu ya daktari anayekuja kukuponya.

Wengine walimtaja Frankenstein, wa kitabu cha Mary Shelley kilichotolewa mwaka 1818. Yafaa tusahihishe kosa moja: katika kitabu kile Frankenstein si daktari, bali ni mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana kama sisi. Aliunganisha viungo vya maiti akakitia uhai kiumbe chake. Kilipofumbua macho akaogopa, akakikimbia. Watu husema kosa lake ni kujaribu kazi ya Mwenyezi Mungu. Mimi naona kosa linalomhusu mgonjwa ni lile la kukimbia. Sisi wa Mkoa wa Kilimanjaro tunalo jambo la kutufundisha hapa. Upande wa magharibi wa mlima wetu, huko Siha, ipo hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Dawa za kawaida za ugonjwa huo humezwa kwa muda wa miezi sita. Baada ya wiki chache mgonjwa hujiona mzima, akataka kuziacha. Akiziacha, vijidudu vilivyobaki vyaweza kuzoea dawa, na ugonjwa ukarudi ukiwa mkali kuliko kwanza. Kwa hiyo daktari anayeanza kazi kisha akatoweka si nusu ya daktari mwema. Huenda akamwacha mgonjwa katika hatari kubwa zaidi.

Watu wachache walimtaja Daktari Jekyll, wa mwandishi Robert Louis Stevenson, kitabu cha mwaka 1886. Alichanganya dawa ya kutenga wema na uovu uliomo ndani ya mtu, akainywa mwenyewe, akageuka kuwa mtu mbaya aitwaye Hyde. Mwishoni dawa ya kumrudisha ilikwisha. Alinunua chumvi nyingine kwa wauza dawa wa London, akachanganya kama zamani, isifae kitu. Hapo ndipo alipotambua kwamba chumvi ya kwanza ilikuwa na uchafu ndani yake, na kwamba uchafu ule asioujua ndio uliofanya kazi. Wanafunzi wa kemia wataelewa mara moja. Dawa ambayo mtengenezaji wake hajui kilichomo, wala hawezi kuitengeneza mara ya pili, haifai kuandikiwa mtu. Hata hivyo Jekyll nampa sifa moja: aliijaribu kwake mwenyewe kabla ya kumnywesha mwingine.

Yupo pia daktari ambaye wote tulikubali kutibiwa naye, na yafaa atajwe ili asionekane kila daktari wa hadithi kuwa mwovu. Ni McCoy, wa mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek, ulioanza mwaka 1966. Katika chombo kile cha angani yumo afisa mwanamke aitwaye Uhura, jina lililotokana na neno letu "uhuru". Katika mchezo mmoja wa mwaka 1967, mashine iitwayo Nomad inafuta elimu yote kichwani mwa Uhura. Hana jeraha, lakini hajui tena kusoma. McCoy na muuguzi wake Chapel hawana sindano ya kurudisha elimu. Wanamkalisha katika chumba cha wagonjwa, wakamfundisha upya tangu herufi. Na anaposhindwa na neno, Uhura hughadhibika akasema kwa Kiswahili. Nimeipenda habari hiyo kwa sababu daktari na muuguzi walikubali kuanza pale alipo mgonjwa, na kumngoja.

Sasa nifike kwa yule niliyemkataa. Jina lake ni Koriba, naye ni jirani yetu. Aliyembuni ni Mmarekani Mike Resnick, katika hadithi iitwayo Kirinyaga, iliyochapishwa mwaka 1988 ikapata tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Kirinyaga, kama tujuavyo, ni jina la Mlima Kenya kwa Kikuyu. Katika hadithi, Wakikuyu kadha wa kadha wamehamia katika kiulimwengu kilichotengenezwa angani, ili waishi kama mababu walivyoishi kabla ya Wazungu. Koriba ni mundumugu wao, yaani mganga. (Mwaka 2008 mwandishi huyo huyo alitoa kitabu kiitwacho Kilimanjaro, juu ya Wamasai waliofanya vivyo hivyo.)

Koriba si mjinga. Amesoma vyuo vikuu vya Cambridge na Yale. Katika boma lake ameficha mashine ya kompyuta, ambayo kwayo huwasiliana na wasimamizi wa kiulimwengu kile. Watu wakiomba mvua, yeye huzungumza na mashine kwa siri, na mvua hunyesha. Anajua kwamba nje yako madawa ambayo yangewaponya watu wake, lakini hayataki yaingie, kwa kuwa anaamini kwamba kitu kimoja cha kigeni kikiingia, vingine vitafuata, na kabila litakufa. Katika hadithi ya kwanza anamwua mtoto mchanga kwa sababu alizaliwa akitanguliza miguu. Hafanyi hayo kwa chuki. Anawapenda watu wake kweli kweli, na ndiyo sababu namwogopa.

Rafiki zangu walinipinga vikali. Mmoja aliniambia, "Wewe humkatai Koriba, unaukataa uganga wa wazee wetu. Angevaa koti jeupe ungemkubali." Neno hilo lilinichoma, maana kweli hadithi ile imeandikwa na mgeni, wala haifai mtu aisome akadhani kwamba amewajua waganga wa Kikuyu. Ikanibidi nitafute mfano wa mtu mwenye koti jeupe, tena si wa hadithi.

Mfano huo ni Robert Koch, Mjerumani. Mwaka 1882 alivumbua kijidudu cha kifua kikuu, ugonjwa ule ule unaopigwa vita Kibong'oto, na mwaka 1905 akapewa tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 alikuja Afrika ya Mashariki kuchunguza malale, ugonjwa uliokuwa ukiua maelfu kando ya Ziwa Viktoria. Akiwa katika Visiwa vya Ssese, Uganda, aliwapiga wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki ndani yake. Wengi walipata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Koch akaongeza kipimo cha dawa, na wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka macho. Mwaka 1907 akarudi kwao.

Sisemi kwamba Koch alikuwa kama Moreau. Malale yasipotibiwa huua, na daktari anayepambana na ugonjwa wa namna hiyo hulazimika kujaribu. Lakini mgonjwa aliyekwisha kuambiwa, "Dawa hii yaweza kukupofusha, nawe ukiiacha utakufa, wasemaje?" ana neno lake katika jambo hilo, hata mambo yakiharibika. Asiyeambiwa hana. Koriba akiwa na vibuyu vyake na Koch akiwa na sindano yake wanakutana hapo: kila mmoja alijua jambo ambalo mgonjwa alipaswa kulisikia, naye akakata shauri peke yake. Mmoja alifanya hivyo ili kulinda kabila, mwingine ili kushinda ugonjwa. Mgonjwa mwenyewe hakuulizwa.

Kuna sababu ya karibu zaidi inayonifanya nishike neno hili. Bibi yangu, akaaye kule mlimani, aliingiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Tulimteremsha mpaka hospitali moja. Daktari alizungumza na baba yangu mdogo juu ya kichwa cha bibi, kana kwamba yeye ni mzigo ulioletwa, kisha ikaletwa karatasi atie dole gumba. Bibi akakataa, akasimama, akataka kurudishwa nyumbani. Sisi wajukuu tulisema kwamba ni ujinga wa kizee. Baada ya miezi kadhaa tulimpeleka tena, na safari hii muuguzi mmoja alikaa karibu naye akamweleza kwa Kichagga nini kitatolewa jichoni, nini kitawekwa mahali pake, na jicho litafungwa kwa muda gani. Bibi akauliza, "Na nikikataa?" Akajibiwa, "Utarudi nyumbani, mama, na siku ukibadili shauri tutakupokea." Akaomba karatasi mwenyewe. Siku hizi huchambua maharage bila msaada, na hutuonyesha mawe ambayo sisi wenye macho mazima tumeyaacha.

Upasuaji wa mara ya pili ulikuwa ule ule alioukataa mara ya kwanza. Kwa hiyo kilichokataliwa hakikuwa kisu.

Wasomaji wa huku wanajua kwamba kihamba huzungushiwa majani ya isale, na mgeni mwenye adabu husimama pale akapiga hodi, hata akiwa amebeba zawadi. Ni jani hilo hilo analolipeleka mtu akienda kuomba radhi kwa aliyemkosea. Naona mwili wa mtu nao una mpaka wa namna hiyo. Daktari ana haki ya kupiga hodi kwa nguvu, na kueleza kwa nini tumfungulie haraka. Na akikosea, yampasa arudi aseme amekosea, asifanye kama Frankenstein.

Kati yetu wapo watakaokuwa madaktari na wauguzi, labda hapa hapa Moshi katika hospitali ya Mawenzi au KCMC. Sote tutakuwa wagonjwa siku moja. Basi tujizoeze tangu sasa kuuliza, kwa heshima wala si kwa ubishi: Ninaumwa nini? Dawa hii itanifanyia nini? Yaweza kunidhuru vipi? Nikiikataa itakuwaje? Daktari akijibu kwa lugha ninayoielewa, nitanyosha mkono nipigwe sindano, hata kama amevaa nguo za ajabu na ametoka nyota ya mbali. Na yule atakayeniambia kwamba hayo si ya kwangu kuyajua, huyo ndiye nitakayemrudisha mlangoni, hata akiwa ni wa ukoo wangu.