Matairi Makubwa kwa Pikapu Iliyoinuliwa: Piga Hesabu Kabla ya Kununua

Wakulima wengi wa mashamba ya makazi wana pikapu siku hizi. Hiyo pikapu ndiyo hupeleka maziwa kwenye chama, kahawa kiwandani, na kabichi au ndizi sokoni Thika na Ruiru. Mvua za masika zinapoanza, kati ya mwezi wa Machi na Mei, gari hukwama, na maziwa yanayochelewa njiani huharibika. Basi mkulima huona gari la jirani limeinuliwa juu, lina matairi makubwa yenye meno, nalo linapita matope bila shida. Kisha hutaka la kwake liwe hivyo.

Nia hiyo si mbaya. Lakini matairi manne na la akiba ni fedha nyingi, pengine kuliko mapato ya msimu mmoja. Tena matairi yasiyofaa huweza kuangusha gari lenye watu na mzigo. Kwa hiyo yafaa tulieleze jambo hili polepole, hatua kwa hatua.

KUINUA GARI NI NINI, NA TAIRI HUFANYA NINI?

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Fundi akiweka springi ndefu au vipande vya kuinulia, anainua bodi ya gari. Hainui ekseli wala difu. Difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, hubaki pale pale lilipokuwa. Nalo ndilo hukwaruza tuta la katikati ya njia wakati magurudumu yamezama katika makorongo mawili ya njia ya shamba.

Kitu cha kuinua difu ni tairi peke yake. Kwa nini basi watu huinua bodi? Kwa sababu tairi kubwa huhitaji nafasi ndani ya madigadi. Bila nafasi hiyo, tairi hugusa chuma gari linapokata kona au linapobeba mzigo. Maana yake, kuinua bodi ni kutengeneza chumba, na tairi ndiye mgeni atakayekaa ndani yake. Mkulima aliyeinua bodi akaacha matairi ya zamani hakupata faida kubwa kwenye makorongo, ila gari lake sasa ni refu zaidi na linayumba zaidi.

KUSOMA NAMBA ZA TAIRI

Tazama ubavuni mwa tairi. Tuseme umeona 205/80R16. Namba ya kwanza, 205, ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili, 80, huonyesha kimo cha ubavu: ni asilimia 80 ya ule upana. Herufi R ni namna nyuzi zilivyopangwa ndani ya tairi. Namba 16 ni kipimo cha rimu kwa inchi.

Sasa chukua kalamu. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu ya inchi 16 ni milimita 406. Ubavu mmoja ni 205 mara 80 gawanya kwa 100, yaani milimita 164. Tairi lina ubavu juu na ubavu chini, kwa hiyo zidisha mara mbili: 328. Jumlisha na rimu: 406 na 328 ni 734. Basi tairi hilo lina kimo cha milimita 734.

Fanya vivyo hivyo kwa tairi la 245/75R16, nawe utapata karibu milimita 774. Kwa 265/75R16 utapata karibu milimita 804.

Difu litainuka kiasi gani? Hapa wengi hukosea hesabu. Tairi la 804 limezidi lile la 734 kwa milimita 70, lakini ekseli iko katikati ya gurudumu. Kwa hiyo difu huinuka nusu tu, milimita 35. Ukichagua lile la 774, difu litainuka milimita 20. Jiulize kama milimita hizo zitakuvusha mahali unapokwama. Kama korongo la njia yako lina kina cha futi moja na nusu, hazitakuvusha. Hapo ni lazima njia yenyewe itengenezwe.

TAIRI KUBWA HULA NGUVU

Kila tairi linapoongezeka kimo, gari huenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, lakini nguvu ya kuvuta hupungua. Kutoka 734 hadi 804 ni nyongeza ya zaidi kidogo ya asilimia 9, na nguvu ya kuvuta inayofika chini hupungua kwa karibu kiasi hicho. Mkulima anayepanda mlima na magunia ya viazi atalazimika kutumia gia ya chini. Akilazimisha gia ya juu, klachi itaungua na dizeli itakwisha upesi.

Tena saa ya mwendo itasema uongo. Tuseme ilikuwa sawasawa kabla ya kubadilisha matairi. Sasa ikionyesha kilometa 80 kwa saa, gari linakwenda karibu 88. Ikionyesha 100, gari linakwenda zaidi ya 109. Barabara kuu ya Thika, iliyokamilishwa mwaka 2012, ni pana na inavutia mwendo wa kasi. Mtu aweza kuvunja sheria hapo bila kujua, na breki zake nazo zina kazi nzito zaidi, maana tairi kubwa ni zito na huchelewa kusimama.

UZITO WA MZIGO: NAMBA AMBAYO HAISOMWI

Baada ya kipimo cha tairi kuna namba nyingine na herufi, kwa mfano 110S. Namba hii ni kiasi cha uzito tairi moja linachoweza kubeba. Kuna orodha yake ambayo ni ile ile duniani kote. Namba 104 ni kilo 900. Namba 110 ni kilo 1,060. Namba 116 ni kilo 1,250. Namba 120 ni kilo 1,400. Herufi ni mwendo usiopaswa kupitwa: Q ni kilometa 160 kwa saa, S ni kilometa 180.

Fikiri sasa. Pikapu yako ilitoka kiwandani na matairi ya 110. Matairi mawili ya nyuma huweza kubeba kilo 2,120 pamoja. Mwuzaji akikupa matairi mapana ya kupendeza yenye namba 104, yale mawili ya nyuma yatabeba kilo 1,800 tu. Umepoteza kilo 320, nazo ni zaidi ya magunia 3 ya kilo 90. Tairi ni kubwa kwa macho, lakini ni dhaifu kwa kazi. Usikubali kamwe tairi lenye namba ya mzigo iliyo chini ya ile iliyoandikwa na kiwanda cha gari.

RIMU LAZIMA ZILINGANE

Rimu nyembamba haiwezi kushika tairi pana vizuri. Pikapu nyingi za kazi zina rimu ya upana wa inchi 6. Rimu hiyo hufaa tairi la 205, lakini tairi la 265/75R16 huhitaji rimu ya inchi 7 au 8. Ukilivika kwenye rimu ya inchi 6, litavimba katikati, litalika vibaya, na laweza kuchomoka gari linapokata kona. Kwa hiyo bei ya rimu iingie katika hesabu yako.

Kuna njia nyingine, nayo ni tairi jembamba lakini refu, kama 235/85R16. Kimo chake ni karibu milimita 806, na rimu ya inchi 6 huweza kulishika. Magari mengi ya kazi ya Land Cruiser hutumia 7.50R16, ambalo nalo ni refu na jembamba. Haya ni matairi ya kazi, si ya maonyesho.

UDONGO WAKO NI UPI?

Ukitoka Ruiru kupanda upande wa mashamba ya kahawa, udongo ni mwekundu. Ukinyeshewa huteleza, lakini chini yake mara nyingi kuna sehemu ngumu. Tairi jembamba hukata matope na kuifikia sehemu hiyo. Ukiteremka upande wa Juja na nyanda za chini, utakuta udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hushika tairi kama ugali na kujaza meno yake yote. Hapo huhitajika tairi lenye meno makubwa yaliyoachana, ili matope yaruke gurudumu linapozunguka.

Alama za ubavuni ni hizi. H/T ni tairi la lami. A/T ni la lami na vumbi pamoja. M/T ni la matope. Mkulima aendaye sokoni kwa lami kila juma, na kukutana na matope kwenye kilometa chache za mwisho, atafaidika zaidi na A/T. Tairi la M/T hupiga kelele kwenye lami, hulika upesi, na huchelewa kusimama lami inapolowa.

HATARI ZA GARI REFU

Gari lililoinuliwa hupinduka upesi kuliko gari fupi, na zaidi likiwa na mzigo mrefu kama majani ya ng'ombe. Usiliinue kuliko tairi linavyohitaji. Tena angalia mambo haya:

1. Mabomba ya breki yawe na urefu wa kutosha, yasivutwe magurudumu yanaposhuka.

2. Pikapu nyingi zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Valvu hiyo hutambua mzigo kwa jinsi bodi inavyoshuka. Ukiinua bodi, valvu hudhani gari ni tupu hata kama limejaa, na hupunguza breki za nyuma. Mwambie fundi airekebishe.

3. Taa za mbele zishushwe, zisiwapofushe wenye magari mengine.

4. Matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja, na la akiba pia. Pikapu inayovuta kwa magurudumu manne ikitumia vipimo viwili, gia zake zitavunjika.

5. Mweleze mwenye bima yako mabadiliko yote, na uulize NTSA kabla ya kazi kuanza. Kimya leo chaweza kuwa kesi kesho.

UNAPOFIKA DUKANI

Kiwanda cha matairi cha Nairobi, kilichoanza kwa jina la Firestone na baadaye kikatengeneza matairi ya Yana, kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Kwa hiyo matairi mengi hutoka nchi za mbali, na mengine hukaa sana njiani na bohari. Tafuta ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2324, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2024. Tairi jipya lililokaa miaka mingi si jipya. Mpira hukauka kama ngozi iliyoachwa juani.

Kabla ya kulipa, vika tairi moja la mbele. Zungusha usukani wote kushoto, kisha wote kulia, ukienda mbele na ukirudi nyuma. Likigusa popote, usinunue. Baada ya kuvika yote, fanya alaimenti, na uulize kiasi cha upepo kwa gari tupu na kwa gari lenye mzigo. Katika matope waweza kupunguza upepo kidogo ili tairi lishike, lakini uujaze tena kabla ya kuingia lami. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mzito hupata moto na kupasuka.

NJIA YA SHAMBA

Neno la mwisho ni la ofisi ya kilimo. Kabla ya kutoa fedha, tembea njia yako siku ya mvua, uone maji yanapita wapi. Mara nyingi gari hukwama mahali pawili au patatu tu. Majirani kumi wenye majembe wakichimba mitaro pande zote mbili, wakaelekeza maji mahali penye majani, na kujaza changarawe makorongoni, watapita wote: mwenye pikapu, mwenye baiskeli, na mwenye punda. Tairi kubwa humvusha mtu mmoja, na kila baada ya miaka michache hudai fedha tena. Mtaro hudai jembe tu kabla ya kila mvua. Anza na mtaro. Kama bado unakwama, piga hesabu tulizoonyesha hapa, kisha uende Thika au Ruiru ukiwa na namba zako mkononi.