Kwa nini mwili unakubali mgeni mmoja na kukataa mwingine



Mdogo wangu wa Lubunga ana kisukari cha aina ya kwanza. Umeme kule ni wa kubahatisha, basi insulini yake anaiweka ndani ya chungu cha udongo, kati ya mchanga uliolowa. Juzi akaniuliza: "Yaya, weye ulisomaka biolojia. Ni kweli banaweza kuniwekea kongosho ya nguruwe?"

Si kongosho nzima. Ni vile visiwa vya seli vinavyotengeneza insulini. Lakini seli za nguruwe zina sukari moja, alfa-gali, ambayo sisi watu hatuna. Kingamwili zetu zinaitambua mara moja, zinaita protini za komplementi, na zile zinatoboa seli ngeni. Ili kuzuia hilo, mgonjwa anapewa dawa za kushusha kinga. Hapa kwetu penye malaria na kifua kikuu, hiyo ni hatari kubwa.

Sasa kuna mahali ndani ya mwili ambapo shida hii imekwisha tatuliwa: korodani. Mbegu za kiume huanza kutengenezwa wakati wa balehe, miaka mingi baada ya kinga kujifunza kipi ni chake. Kwa askari wa mwili, mbegu ni wageni. Mbona hawazishambulii? Ni kazi ya seli za Sertoli, zilizoelezwa na Mwitalia Enrico Sertoli mwaka 1865. Kwanza zinashikana kama ukuta. Pili, zinatoa kemikali kama TGF-beta, zinazuia komplementi, tena zinafanya baadhi ya seli T ziwatulize wenzao.

Zikihamishwa, zinaendelea na kazi. Seli za Sertoli za nguruwe zimeishi ndani ya panya wiki kadhaa bila dawa yoyote. Mwaka 2005, timu ya Rafael Valdés-González huko Mexico ilitangaza matokeo ya vijana 12 waliowekewa visiwa vya nguruwe pamoja na seli hizo, bila kushushiwa kinga. Nusu yao walipunguza insulini. Wawili waliiacha kwa miezi kadhaa. Wataalamu wengi waliwakosoa: majaribio ya wanyama hayakuwa yametosha, na virusi vya nguruwe vinaweza kuhamia kwa mtu.

Sisi Wakongomani tunajua kwa nini woga huo si wa bure. Virusi vya Ebola hujificha palepale kwenye korodani, ambako askari wametulizwa. Ndiyo sababu wanaume waliopona mlipuko wa 2018 hadi 2020 kule Kivu Kaskazini na Ituri waliombwa wapimwe shahawa.

Basi nilimjibu mdogo wangu: njia ipo, bado haijafika kwako. Lowesha mchanga, usikose sindano. Naye akasema: "Sawa, yaya. Bakifika, weye njo utaniambia."

Wanabiolojia wa Kisangani, hiyo kazi ya kumwambia ni yetu.