Klachi ya Trekta Kuukuu: Chunguzeni Kabla ya Kufungua Mfuko

Ndugu wanavikundi, vikundi vingi huku kwetu vinamiliki trekta kuukuu, na mara nyingi ni Massey Ferguson 135, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Trekta hilo lilianza kutengenezwa mwaka 1964 huko Uingereza, kwa hivyo lenu huenda limemzidi mwenyekiti umri. Injini yake ni ngumu, haifi ovyo. Kinachotusumbua sana ni klachi.

Kikundi kimoja ninachokitembelea kiliambiwa na fundi, wiki mbili kabla ya mvua ya masika, kwamba klachi imekwisha na lazima inunuliwe mpya. Pesa zilizokuwa benki zilikuwa za mbegu na mbolea. Mkutano ulikaa mpaka jioni, watu wakimlaumu dereva, na dereva akimlaumu mweka hazina. Mwishowe mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika shamba kubwa akaomba spana, akalala chini ya trekta, akarekebisha kanyagio. Basi! Trekta lililima msimu wote. Mimi si fundi, lakini mzee yule nilimfuata na maswali mengi, na haya ndiyo niliyojifunza kwake na kwa mafundi wengine.

Klachi ni diski iliyobanwa kati ya gurudumu zito la injini, yaani flaiwili, na bamba lenye springi kali. Fikiria chapati iliyobanwa kati ya viganja viwili. Viganja vikibana, chapati inazunguka pamoja navyo, na nguvu ya injini inafika kwenye gia. Ukikanyaga klachi, viganja vinaachana, chapati inabaki huru.

Shida ya kwanza ni klachi kuteleza. Injini inanguruma lakini trekta halina nguvu, hasa likipanda mlima au plau ikiingia udongo mzito, na kunasikika harufu ya kuungua. Kupima ni rahisi. Hakikisheni hakuna mtu mbele wala nyuma. Dereva ashike breki sana, aweke gia kubwa, aongeze mafuta kidogo, aachilie klachi polepole. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kuzunguka, inateleza. Mpime mara moja tu, maana kurudiarudia kunachoma diski.

Sasa kabla ya kulia, bonyeza kanyagio kwa mkono. Lazima lishuke kidogo bila uzito kabla ya kugusa kazi. Ule mchezo mdogo ukipotea, beringi inasukuma springi wakati wote na diski haibanwi vizuri. Diski inavyolika, mchezo nao unapungua, ndiyo maana hurekebishwa mara kwa mara pale kanyagio linapoungana na mkono wa klachi. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya kile kikundi. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha trekta. Kama hamna, mwombeni fundi mnayemwamini awaonyeshe, na watu wawili wa kikundi wajifunze, si dereva peke yake. Na dereva anayepumzisha mguu juu ya klachi akilima, mwambieni wazi kwamba anakula pesa zenu.

Kama mchezo upo na bado inateleza, tazama tundu lililo chini ya nyumba ya klachi. Mara nyingi lina pini ndogo ndani yake ili lisizibe kwa matope. Mafuta yakidondoka hapo, sili imeharibika na diski imelowa. Mafuta meusi ni ya injini. Yale mazito yasiyo meusi ni ya giaboksi. Hapo spana ya kanyagio haitasaidia kitu.

Shida ya pili ni kinyume chake, klachi kukataa kuachia. Gia zinalia zikiingizwa, au trekta linasonga hata klachi ikiwa imekanyagwa mpaka chini. Huenda mchezo umezidi; rekebisheni. Lakini kama trekta limelala miezi kadhaa nje kwenye mvua, diski imeshikana na flaiwili kwa kutu. Hili nimeliona mara nyingi kuliko yote. Wenye uzoefu hupasha injini moto, kisha katika uwanja tambarare usio na watu dereva huliendesha kwa gia kubwa, anakanyaga klachi mpaka chini na kugusa breki kwa ghafla, tena na tena, mpaka diski iachie. Watoto wakae mbali kabisa.

Kuna jambo moja linalohusu uhai. Matrekta mengi ya aina hii yana klachi ya hatua mbili. Ukikanyaga nusu, magurudumu yanasimama lakini shafti ya nyuma inayoendesha mashine ya kupukuchua mahindi inaendelea kuzunguka. Ukikanyaga mpaka mwisho, nayo husimama. Klachi ikiharibika, shafti hiyo inaweza kuendelea hata mguu ukiwa chini kabisa. Kwa hivyo mahindi yakikwama, zimeni injini kwanza. Leso au shati lisilofungwa vizuri halihitaji hata dakika moja kunaswa.

Ikiwa kweli diski imekwisha, trekta lazima ligawanywe katikati, injini kando na giaboksi kando. Hiyo si kazi ya jeki moja na mawe. Pande zote mbili ziinuliwe kwa stendi imara, na ekseli ya mbele ipigwe kabari za mbao ili injini isipinduke. Kwa kuwa kazi kubwa ni kufungua, badilisheni pamoja beringi na sili zote mbili, na flaiwili ikaguliwe. Nimeona kikundi kikiacha sili kuukuu ili kuokoa pesa kidogo, kisha kikafungua tena kabla ya mavuno. Vumbi la diski za zamani msilipulize, kwa sababu nyingi zilikuwa na asbesto, na hiyo huharibu mapafu. Futeni kwa kitambaa chenye maji. Diski iliyotolewa mwambieni fundi aiweke mezani mbele ya kamati.

Na msimu ukiisha, kabla ya kufunga banda, kanyageni klachi mpaka chini na mlizuie kanyagio kwa kipande cha mbao. Andikeni katika daftari nani aliweka hiyo mbao, ili mwezi wa tatu mtu asije akaitafuta klachi iliyopotea.