Bei na Mdai Wake: Utangulizi wa Historia ya Ulanguzi kutoka Kasongo na Kabambare

Kabla ya miaka ya 1860 kwisha, pembe ya ndovu katika vijiji vingi vya kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, haikuwa na bei ya kutajwa. Ndovu aliwindwa kwa ajili ya nyama. Pembe ziliachwa msituni zikaoza, au zikasimamishwa kuwa nguzo za mlango. Kisha habari zikavuka Ziwa Tanganyika zikafika Ujiji. David Livingstone, aliyekwama Kabambare miezi mingi mwaka 1870 akiuguza vidonda vya miguu (yeye aliandika Bambarre), alieleza jinsi wafanyabiashara walivyokuja mbio, kundi moja likiwa na bunduki 600, naye akaifananisha hali hiyo na homa ya dhahabu ya California. Ndovu walikuwa walewale na msitu uleule. Kilichoongezeka ni habari kwamba yuko mtu, mbali huko, atakayelipa.

Karibu basi, ndugu msomaji, katika taaluma inayochunguza mambo ya namna hiyo. Wengi wanaobisha hodi siku hizi hawaletwi na pembe, wanaletwa na simu. Wamesikia kwamba sarafu ya kidijitali ya Bitcoin ilivuka dola 100,000 mwezi Desemba 2024, wana binamu Bukavu aliyenunua kidogo, na swali lao ni moja: itapanda au itashuka? Swali hilo sitalijibu katika kitabu hiki, na nakushauri umkwepe anayelijibu kwa uhakika, hasa akikuomba ada. Swali ninalotaka tulizoee ni jingine: anayenunua leo ananunua kwa mali ya nani, na mwenye mali ataidai lini? Katika misukosuko ya bei iliyoipitia Maniema tangu enzi za misafara, deni limenieleza mengi kuliko wingi au uhaba wa bidhaa.

Tuanze na mfanyabiashara wa misafara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Safari yake ya tatu ya bara aliianza mwaka 1870, akaifanya Kasongo kuwa makao yake, na hakurudi Unguja mpaka mwaka 1882. Nguo, shanga na baruti alizotoka nazo pwani zilikuwa za mkopo, na mkopeshaji wake mkuu alikuwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyefikia kuishika forodha ya Sultani. Nyuma ya Taria kulikuwa na Bombay. Mbele zaidi kulikuwa na minada ya London na viwanda vya Connecticut, kule Deep River na Ivoryton, vilivyopasua pembe laini za Afrika Mashariki kufunika vibonyezo vya piano. Kadiri piano ilivyoingia katika sebule za Wamarekani wa kipato cha kati, ndivyo Mbangubangu wa Kabambare alivyozidi kuulizwa habari za nguzo za mlango wake.

Kilichowezesha subira hiyo ya Taria ya miaka 12 kimeelezwa vizuri na Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Zanzibar, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 bei ya pembe ilipanda, ilhali bei ya nguo za viwandani ilisimama au ikashuka. Mkopeshaji aliyeiona mistari hiyo miwili ikiachana hakuwa na haraka. Alijua pembe itakayofika kesho italipa zaidi ya ile ya leo, na kwa hiyo alizidi kukopesha, na waliokopa walizidi kwenda mbali. Mkopo ulijengwa juu ya matarajio ya bei, nayo matarajio yakalishwa na mkopo.

Lakini aliyekopa hawezi kurudi mikono mitupu. Nguo zikiisha, bunduki zipo. Watu walitekwa ili ndugu zao wawakomboe kwa pembe. Wengine hawakukombolewa, wakauzwa. Tarehe 15 Julai 1871 sokoni Nyangwe, mwendo mfupi kutoka Kasongo, mamia ya watu waliuawa kwa risasi au wakazama mtoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza mazao yao. Sisemi kwamba daftari la Unguja ndilo lililofyatua bunduki zile. Mauaji yale yana visa vyake vya ushindani na kiburi. Nasema tu kwamba anayechora mchoro wa bei ya pembe bila kuviweka vijiji hivyo pembeni yake amefanya nusu ya kazi.

Bei ile ya Kasongo haikumalizwa na ndovu kwisha. Mwaka 1888 soko la pembe lilifunguliwa Antwerp. Mwezi Septemba 1891 Mfalme Leopold wa Pili aliagiza pembe na mpira viwe mali ya dola yake ya Kongo. Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya dola hiyo, yakiongozwa na Dhanis, yaliingia Kasongo, na pembe zikageuzwa njia, zikateremka na mto kuelekea Atlantiki badala ya kupanda na wapagazi kuelekea Ujiji. Anayeshika lango huandika bei upya kwa siku moja. Hili ni fupi kulieleza, lakini usilisahau.

Sasa jambo ambalo vitabu vya uchumi hulipita haraka: fedha yenyewe ina bei, nayo hulanguliwa. Richard Burton, aliyepita njia ya misafara mwaka 1857 na 1858, aliandika kwamba zilikuwapo aina zipatazo 400 za shanga, kila nchi na rangi yake, na fasheni iliweza kubadilika msafara ungali njiani. Msafiri Mwingereza Cameron, alipotaka kukodi chombo kule Ujiji mwaka 1874, aliambiwa na wakala wa mwenye chombo kwamba anataka pembe. Cameron hakuwa na pembe. Mwenye pembe alitaka nguo, na mwenye nguo alitaka waya. Bahati nzuri Cameron alikuwa na waya, na kwa mzunguko huo chombo kikapatikana.

Kisa cha kauri kina uchungu zaidi. Afrika Magharibi ilitumia kauri ndogo kutoka Maldives, ambazo upatikanaji wake ulikuwa wa gharama. Katikati ya miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, nyumba ya O'Swald wakiwamo, waligundua kwamba kauri za pwani yetu, kubwa kidogo na rahisi mno, zingekubalika Lagos. Wakazipakia Unguja shehena kwa shehena. Kauri zikashuka thamani hata zikawa za kubebwa kwa magunia, na waliopotelewa ni wale waliojiwekea akiba ya maisha yao katika kauri.

Kila nikisoma kwamba Bitcoin hazitazidi milioni 21, kauri hizo hunijia akilini. Mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto walitoa andiko lao Oktoba 2008, mfumo ukaanza kazi Januari 2009, na ukomo huo ukafungwa ndani ya programu: takriban kila miaka minne sarafu mpya zinazotolewa hupunguzwa nusu, mara ya mwisho ikiwa Aprili 2024. Woga uliozaa kanuni hiyo Mkongomani anaujua bila kufundishwa. Mwaka 1993 Wakasai waliikataa fedha ya zaire mpya. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000. Mwaka 1998 ilibidi kuanza upya na faranga. Mtu aliyeona akiba ya baba yake ikigeuka karatasi ana kila sababu ya kupenda fedha isiyoweza kuchapwa ovyo.

Tatizo ni kwamba ukomo unajibu swali moja tu. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Novemba 2022 ilishuka chini ya dola 16,000. Katika mwaka huo hakuna meli iliyotua na shehena ya Bitcoin. Sarafu mpya zilitoka kwa ratiba ileile iliyojulikana na wote. Kilichobadilika kilikuwa upande wa wakopaji. Kuanzia Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba, fedha za mkopo zikawa ghali, na waliokuwa wamenunua kwa mali ya wengine wakaanza kudaiwa. Mwezi Novemba likaanguka soko la sarafu la FTX, ambalo amana za wateja wake zilikuwa zimepelekwa kwa Alameda, kampuni dada iliyocheza nazo.

Katikati ya mwaka huo kulitokea anguko ambalo mtu wa Maniema angelitambua mara moja, kwa kuwa sisi tuliwahi kuliona katika bati. Ilikuwapo sarafu iitwayo TerraUSD, iliyoahidi kuwa sawa na dola moja daima. Wasimamizi wake walikusanya Bitcoin zipatazo 80,000 za kuilinda. Mei 2022 watu walipoanza kuikimbia, akiba hiyo ilimwagwa sokoni ndani ya siku chache, zikabaki Bitcoin 313, na ahadi ikavunjika. Zile zilizomwagwa zikaishusha bei ya Bitcoin yenyewe, hivyo mlinzi akawa anaiangusha ngao yake kwa kuitumia.

Rudi nyuma hadi tarehe 24 Oktoba 1985. Baraza la Kimataifa la Bati, lenye makao London, na Zaire ikiwa miongoni mwa nchi wanachama wazalishaji, lilikuwa limeahidi kwamba bei ya bati haitashuka chini ya kiwango fulani. Kila iliposhuka, Baraza lilinunua. Lilinunua kwa fedha za mabenki na madalali. Siku hiyo lilitangaza kwamba haliwezi kulipa tena. Soko la madini la London lilisimamisha biashara ya bati hadi mwaka 1989, na bei ikaanguka hadi chini ya nusu. Huku kwetu ilikuwapo SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za zamani za bati za Kivu na Maniema. Bei ile ilikuwa ndiyo inayolipa mishahara, zahanati, shule na matengenezo ya barabara za Kalima na Kampene. Haikupona sawasawa tena. Mchimbaji wa kasiteriti hakuwa amekopa hata senti London, lakini aliyekopa kwa niaba ya bei yake aliposhindwa kulipa, yeye ndiye aliyelala njaa. Wachambuzi wengi wa sarafu za kidijitali walidai Mei 2022 kwamba wameona jambo geni. Laiti wangeuliza Kampene.

Koltani ya mwaka 2000 inajulikana zaidi, kwa hiyo nitaigusa tu. Watengenezaji wa vifaa vya elektroniki, kwa hofu ya kukosa tantalamu itokayo ndani yake, waliagiza zaidi ya walichohitaji, na bei ikaruka mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja. Waasi wa RCD wakaanzisha kampuni ya SOMIGL mwezi Novemba 2000 ili ununuzi wote upitie kwao. Mwaka 2001 maghala ya wanunuzi yalionekana yamejaa, bei ikaporomoka. Ninachotaka ukitazame ni mnyororo wa chini. Nyumba za kununulia madini, zile tunazoziita kontuari, humtangulizia mnunuzi mdogo fedha. Yeye humtangulizia mchimbaji chakula na sepeto. Bei ikishuka usiku, asubuhi deni bado liko kwa bei ya jana. Kwenye dhahabu ya Namoya na Salamabila mfumo ni huohuo.

Kwenye simu mnyororo huo umefupishwa tu. Masoko ya sarafu humruhusu mwenye dola 10 kununua za dola 100, na bei ikiteleza kidogo mashine huiuza mali yake bila kumuuliza, na mauzo hayo huitelezesha bei zaidi hadi kwa jirani yake. Tarehe 10 Oktoba 2025, baada ya rais wa Marekani kutishia ushuru mpya kwa bidhaa za Uchina, mikataba ya namna hiyo yenye thamani ya dola bilioni 19 na zaidi ilifungwa kwa nguvu ndani ya saa 24. Taria Topan alisubiri miaka 12. Mkopeshaji huyu hasubiri dakika 12.

Kuna tofauti moja ambayo sitaki uifiche kwa kupenda ulinganisho. Mwisho wa njia ya pembe alikuwapo fundi wa piano, na mwisho wa njia ya koltani yupo mtengenezaji wa simu. Wanaweza kupunguza ununuzi, lakini wana kazi ya kuifanyia bidhaa. Mwisho wa njia ya Bitcoin, kwa sehemu kubwa, yupo mnunuzi mwingine anayetazamia mnunuzi mwingine. Ndiyo maana naamini bei yake inategemea riba na mikopo zaidi ya ilivyotegemea bei ya pembe. Hilo peke yake haliifanyi kuwa Bindo Promotion, mchezo ule uliokomba akiba za Kinshasa mwaka 1991, ambao wa kwanza walilipwa kwa amana za waliofuata na kileleni alikaa mtu. Bitcoin haina mtu wa kileleni. Wauzaji wanaolitumia jina lake mitaani, baadhi yao ni Bindo mtupu.

Kwa kuanza, soma kwanza maisha ya Tippu Tip kama alivyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Yalichapishwa Ujerumani mwaka 1902 na 1903 kwa juhudi za Heinrich Brode, na yakatafsiriwa kwa Kiingereza na Whiteley. Kisha msome Sheriff, halafu James H. Smith, ambaye kitabu chake kuhusu wachimbaji wa mashariki mwa Kongo kinawasikiliza jinsi wao wenyewe wanavyoieleza bei inayopanda na kushuka bila wao kumwona anayeipandisha. Msome Tippu Tip ukiwa na karatasi iliyogawanywa safu tatu. Kila mzigo ukibadilisha mikono, andika aliyetoa, aliyepokea, na siku ya kulipa. Atakapofika Unguja mwaka 1882, isome safu ya tatu kabla hujafungua sura ya kwanza.