Simu ya ng'ambo: nani analipa, nani anavuna

KUPIGA simu nje ya nchi kulikuwa kwa miaka mingi ni jambo la msiba, arusi au mzigo uliokwama bandarini. Mtu alikwenda kwenye kituo cha simu na fedha mkononi, akasema maneno aliyokwisha kuyapanga njiani, akakata kabla dakika nyingine haijaanza kuhesabiwa. Leo mama aliyeko Tanga anaweza kuongea saa nzima na mwanawe aliyeko Uingereza kwa kutumia kipande kidogo tu cha bando lake la intaneti. Hata hivyo nafuu hiyo haijawafikia wote, na wapo wanaoendelea kulipa ghali pasipo sababu, wafanyabiashara wakiwamo.

Wengi hupotoshwa na dhana kwamba bei ya simu inafuata umbali. Haifuati. Mtu aliyeko London akipiga simu ya kawaida kwenda India hulipa kidogo mara nyingi kuliko akipiga Tanzania, ingawa njia zote mbili zinapita baharini na hakuna tofauti ya maana katika gharama ya kusafirisha sauti. Tofauti inatokana na ada inayotozwa mwisho wa safari, yaani malipo ambayo mtandao wa nchi inayopokea unadai ili simu iingie na kumfikia mteja wake.

Utaratibu huo una historia. Zamani kila nchi ilikuwa na shirika moja la simu, na mashirika mawili yalipounganisha laini zao yalikubaliana bei ya dakika moja kisha kila upande ukabeba nusu. Chukua mfano wa bei ya dola 1.50: shirika la nchi iliyopiga lilimlipa mwenzake senti 75 kwa kila dakika. Mwisho wa kipindi hesabu zilipigwa, na aliyepokea dakika nyingi kuliko alizopeleka ndiye aliyelipwa salio, tena kwa fedha za kigeni.

Kwa nchi za Afrika salio hilo lilikuwa neema. Wananchi wake walishindwa gharama ya kupiga, wakasubiri kupigiwa na ndugu walioko ughaibuni. Hapo ndipo mtindo wa kubipu ulipopata nguvu baada ya simu za mkononi kuenea: simu inaita mara moja, inakatwa, na mjomba wa Toronto anajua kuwa anatafutwa. Mwenye kubipu hakulipa kitu, mjomba alilipa, na mtandao wa hapa nyumbani ukapata dola zake.

Marekani ndiyo iliyokuwa mlipaji mkubwa. Mwaka 1996 kampuni zake zilitoa nje salio la zaidi ya dola bilioni 5. Mwaka uliofuata Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo (FCC) ilipitisha viwango vya ukomo ambavyo kampuni za Marekani zingeruhusiwa kulipa: senti 15 kwa dakika kwa nchi tajiri, senti 23 kwa nchi maskini, nchi zenye simu chache kabisa zikipewa muda hadi mwanzoni mwa 2003. Mashirika mengi yalilalamika kuwa yameamuliwa na nchi ya watu wengine. Walipigiwa kelele bure, maana wajanja wa soko walikwisha kuanza kazi kabla ya serikali.

Wajanja wenyewe walikuwa kampuni za simu ya kurudishiwa. Mteja wa Afrika au Ulaya alipiga namba fulani ya Marekani, akaiacha iite, akakata. Mtambo ule ulimtambua, ukampigia na kumpa laini ya Kimarekani yenye bei ya Kimarekani. Howard Jonas alianzisha kampuni ya IDT kwa biashara hiyo mwaka 1990. Ukitazama vizuri, ni kubipu tu, ila kubipu kwenye leseni na ankara. Serikali nyingi ziliipiga marufuku, lakini ni vigumu kumkamata mtu kwa kosa la kupiga simu isiyopokelewa.

Nchini Tanzania mambo yalikwenda polepole. Shirika la Posta na Simu liligawanywa na TTCL ikaanza kazi kama kampuni Januari 1994. Mwaka huo huo Mobitel ilileta simu za mkononi, lakini mlango wa kimataifa kwa Bara ulibaki kwa TTCL. Ilipobinafsishwa Februari 2001, asilimia 35 ya hisa zikienda kwa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani, ilipewa pia miaka minne ya kulindwa dhidi ya ushindani katika eneo hilo. Kinga ilikwisha Februari 2005. Kenya ilikwisha kuondoa ukiritimba wa Telkom mwaka 2004.

Katikati ya kipindi hicho ndipo intaneti kafe zilipochipuka, na nyingi zilikuwa na vichwa vya kusikilizia vilivyofichwa chini ya meza. Kupitisha sauti kwenye intaneti bila leseni kulikuwa kosa, ila mteja alipata dakika za Marekani kwa bei isiyolingana hata kidogo na ile ya kituo cha simu. Skype ilipoingia Agosti 2003 ikawa hata mwenye kafe hana cha kuuza zaidi ya muda wa kompyuta.

Kikwazo kilikuwa ubora. Mawasiliano ya nje yalipitia setilaiti, iliyo kilometa 36,000 juu ya ikweta. Sauti ilichukua karibu robo ya sekunde kupanda na kushuka, na jibu robo nyingine kurudi, hata watu wakawa wanakanyagana maneno. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi ukitua Dar es Salaam na Mombasa, EASSy ikafuata 2010. Kuanzia hapo biashara ya vituo vya simu ilikufa. Waliokuwa wameweka mtaji kwenye vibanda, mashine za faksi na kompyuta walibaki na vyuma. Waliowahi kugeukia uwakala wa fedha kwa simu ndio waliookoa fremu zao.

WhatsApp ilianzishwa 2009, ikaongeza simu za sauti mwaka 2015 na za picha Novemba 2016. Hesabu yake mtu anaweza kuifanya mwenyewe. Simu ya sauti hula takriban nusu megabaiti hadi megabaiti moja kwa dakika. Hata kwa kiwango hicho cha juu, gigabaiti moja inatosha zaidi ya saa 16 za maongezi. Picha ndiyo inayokula bando, mara kadhaa ya sauti, kwa hiyo wanaolalamika kuwa bando "linayeyuka" kwanza waangalie kama hawakuongea na wajukuu kwa video usiku kucha.

Tatizo linabaki kwa yule asiye na simu janja. Bibi wa kijijini mwenye kitochi hapatikani kwa programu, na mjukuu wa Ulaya hana budi kupiga simu ya kawaida. Hapo ndipo ada ya kuingia inapomkuta, na ndipo zinapojaa kampuni za kadi na za dakika za bei poa. Kadi hizo zitazamwe kwa makini. Mwaka 2008 Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) iliwafikisha mahakamani wauzaji wa kadi baada ya majaribio kuonyesha kwamba zilitoa karibu nusu tu ya dakika zilizotangazwa. Fedha nyingine iliishia kwenye ada ya kuunganishwa, ada ya wiki na mtindo wa kuhesabu sekunde chache kama dakika kadhaa. Bei kubwa iliyoandikwa kwenye bango si kitu, maandishi madogo ya nyuma ndiyo bei. Skype nayo, waliyoizoea wengi kwa kupigia simu za kawaida, ilifungwa Mei 2025.

Ada kubwa ya kuingia imezaa pia biashara haramu ambayo wenye maduka ya laini wanapaswa kuijua. Mtu anakusanya laini nyingi za ndani, anazipachika kwenye kisanduku kimoja, anapokea simu za nje kupitia intaneti na kuzitoa kama za hapa hapa. Dalili yake ni rahisi: mwanao anapiga kutoka Uingereza, lakini namba inayoonekana ni ya Tanzania. Mwaka 2013 TCRA ilianza kutumia mtambo wa kufuatilia trafiki ya simu, TTMS, na tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zianze kufungwa Januari 2020, jina lililoko kwenye laini ndilo linalotafutwa kwanza. Anayemkodishia rafiki laini zake kwa elfu chache anaweka rehani jina lake mwenyewe.

Kubipiwa na namba za nje zisizojulikana ni mtego mwingine. Anayerudisha simu hupelekwa kwenye namba ya bei kubwa, na mapato yake hugawanywa huko. Namba inayoanza na +1 isidhaniwe kuwa ni ya Marekani daima. Jamaika na visiwa vingine vya Karibiani vinatumia namba hiyo, kwa bei tofauti kabisa.

Kwa mfanyabiashara anayefuata mzigo, nchi anayokwenda ndiyo inayoamua. China iliizuia WhatsApp mwaka 2017, na wanunuzi wa Kariakoo wanaoagiza Guangzhou wamehamia WeChat. Dubai kwa miaka mingi imezuia simu za WhatsApp na kuruhusu programu zenye leseni kama BOTIM. Ujumbe wa maandishi na wa sauti hupita, na wengi humaliza mauzo kwa kurushiana sauti za nusu dakika.

Mwekezaji mdogo naye ana la kuangalia. Safaricom iliuza hisa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, zikashuka chini ya hapo kwa miaka kadhaa kabla ya kupanda. Vodacom Tanzania iliuza kwa shilingi 850 mwaka 2017, na hisa zake pia zikashuka na kukaa muda mrefu chini ya bei hiyo. Anayesoma taarifa zao za mwaka apite haraka kwenye mapato ya sauti, atue kwenye mapato ya intaneti na M-Pesa.

Ndani ya Afrika Mashariki kwenyewe nafuu imekuja nusu nusu. Kuanzia Oktoba 2014 Kenya, Uganda na Rwanda, kisha Sudan Kusini, zilianza kutekeleza mpango wa mtandao mmoja, bei ya mteja ikiwekewa ukomo wa senti 10 za dola kwa dakika. Tanzania haikuwamo mwanzoni. Wafanyabiashara wa Namanga hawakuona shida kubwa: simu moja, laini mbili, ya Kenya na ya Tanzania, na mnara wa upande wa pili unashika vizuri tu kutoka dukani.