SINEMA ILIYOKATAA KUFA

Ukipanda matatu hapa Kitengela kwenda Nairobi, ukishapita Mlolongo na Cabanas utamsikia makanga akiuliza, "Bellevue wapo?" Abiria hushuka wakaenda zao. Je, umewahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi?

Zamani mahali hapo palikuwa na sinema ya uwanjani, Belle Vue Drive-In. Watu waliingia na magari yao, wakayaegesha yakielekea skrini kubwa, na kusikiliza kwa spika ndogo iliyoning'inizwa dirishani. Filamu haikuanza mpaka giza liingie. Leo sinema haipo. Limebaki jina la steji. Hali kadhalika Globe, ambayo wengi twaijua kama raundabauti, na Odeon, steji ya matatu. Zote mbili zilikuwa sinema.

Ni nini kilichoziua? Kwanza, kaseti za video zilienea katika miaka ya 1980. Pili, mwaka wa 1990 kituo cha KTN kilianza kurusha matangazo, na KBC haikuwa peke yake tena kwenye runinga. Mtu akajiambia, "Ya nini nilipe nauli na kiingilio, na kwenye kibanda cha video mtaani naona filamu kwa shilingi chache?" Viti vikabaki vitupu. Wenye majumba wakakosa pesa za kuyatunza. Mengine yakageuzwa makanisa, mengine maduka.

Lakini liko moja lililokataa kufa. Huko Ngara, mtaa uliokaliwa na Wahindi wengi, palikuwa na sinema ya Shan iliyosifika kwa filamu za Kihindi. Nayo ilifunga milango. Kisha, katika miaka ya 2000, shirika la Sarakasi Trust likalichukua jumba hilo na kulikarabati. Likaitwa Sarakasi Dome, mahali pa mazoezi ya sarakasi, ngoma na muziki.

Kwa nini lilifaa? Ukumbi wa sinema huwa na dari ya juu, na hauna nguzo katikati ili kila mtazamaji aone vizuri. Mruka sarakasi ataka nini zaidi? Jumba halikuokolewa kwa rangi mpya tu. Liliokolewa kwa kupewa kazi mpya, na watu wakapata sababu ya kuingia tena.

Ndugu zangu, hilo latuhusu. Hapa Kitengela majengo yanaota kama uyoga, na la zamani halina mtetezi. Kajiado mjini imepita reli ya Konza hadi Magadi, iliyojengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kabla hatujaita tingatinga, tuulize: jengo hili laweza kufanya kazi gani nyingine? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tusipouliza leo, wajukuu wetu watarithi majina ya steji tu.

Tafakari!