Onyo Ambalo Mwenye Duka Halioni

Aprili 2018 benki ya Monzo ya Uingereza ilibaini kwamba wengi wa wateja wake waliokuwa wakilalamika kuibiwa fedha kupitia kadi walikuwa wamewahi kununua tiketi kwa kampuni ya Ticketmaster. Benki ikaiarifu kampuni. Kampuni ikachunguza, ikajibu kwamba haikuona dalili ya wizi. Juni ndipo ilipokiri: kisanduku cha maongezi na wateja, kilichotengenezwa na kampuni nyingine iitwayo Inbenta, kilikuwa kimechezewa na wezi, nacho kilikuwa kimewekwa hadi kwenye ukurasa wa malipo. Mwaka 2020 Ticketmaster ikatozwa faini ya pauni milioni 1.25.

Katika hali kama hiyo mwenye duka la mtandaoni anaweza kupekua seva yake usiku kucha asikute kitu, maana ubaya haumo humo. Picha za bidhaa hutoka kwako, lakini takwimu za wageni, matangazo na visanduku vya maongezi hutoka kwa wengine, na vyote hukutania kwenye kivinjari cha mteja. Hapo ndipo antivairasi yake inapovikagua. Tena misimbo ya wezi ina hila: mmoja huamka kwenye ukurasa wa malipo tu, mwingine humkwepa aliyeingia kama msimamizi, mwingine humtokea anayetoka Google peke yake. Kwa hiyo mteja akilalamika kwamba antivairasi yake imemwonya kuhusu duka lako, kumwambia azime antivairasi ili alipie ni jibu la hatari, na bahati mbaya ndilo linalotolewa mara nyingi.

Mwombe picha ya ujumbe wenyewe. Jina la tishio kwenye antivairasi ya Kaspersky linaloanza na HEUR lina maana kwamba programu imekisia kwa kuangalia mwenendo wa msimbo. Kukosea kunawezekana, hasa kama fundi wako ameubana msimbo hadi hausomeki. URL:Blacklist ya antivairasi ya Avast ni jambo jingine: anwani imeshaingia kwenye orodha ya zilizofungiwa.

Kisha ingia dukani kama mgeni. Fungua dirisha la faragha, weka bidhaa kikapuni, nenda mpaka kwenye malipo. Kwenye kompyuta bonyeza F12, fungua sehemu ya mtandao, usome kila anwani inayoitwa. Usisome kwa haraka: walioiba kwenye tovuti ya British Airways mwaka 2018 walikuwa wakipeleka namba za kadi kwenye baways.com, jina linalofanana na la shirika lenyewe. Tovuti ya VirusTotal nayo itakuonyesha ni antivairasi ngapi zinazoishuku anwani yako, ila kutoshukiwa na yoyote hakukupi cheti cha usafi.

Ikithibitika, simamisha malipo kwanza. Kuufuta msimbo ni kazi ndogo. Kazi ni kujua ulivyoingia, iwe ni kwa programu-jalizi ya zamani, nywila iliyovuja, au faili la PHP lililojificha kwenye folda ya picha. Ukibadilisha nywila kabla ya kuliondoa faili hilo, mwizi anaweza kuisoma na hiyo mpya.

Kuomba kuondolewa kwenye orodha kuje mwisho. Kila kampuni ya antivairasi ina fomu yake; kwa Google ni kupitia Search Console, chombo chake cha wenye tovuti. Usiombe kwa kubahatisha, kwani ombi likikataliwa kwa kuwa ubaya bado upo, wateja wanaendelea kukutana na ukurasa mwekundu wa onyo.